Kumi na Mawili kwa Wanne

Katwe, mwezi wa pili. Ziwa limekonda hadi mbavuni,
harufu ya yai viza inapiga hodi kabla ya wageni.
Baba ana mwezi mmoja kaburini
na majaruba yake kumi na mawili ya chumvi
hayajui yamwite nani bwana, au bibi.

Sisi hatuhitaji karani wa kutuhesabu:
Masika wa kwanza, Biira wa pili, ndiye mimi,
Kabugho wa tatu. Kisha Kule, wa nne,
aliyepigiwa vigelegele hadi ng'ambo ya kilima.

Masika amekuja na kamba ya nailoni kutoka Kasese,
kila mita fundo.
"Haki haiulizi nani amevaa gauni," asema.
"Kumi na mawili kwa wanne. Hesabu ya darasa la tatu."
Sheria anayo kwenye simu, ameikuza herufi
ili hata asiyetaka kusoma asome.
Moyo wangu humpigia makofi dada huyu,
kisha macho yananisaliti, yanashuka kwenye viatu vyake:
vyeupe. Ziwa hili halijawahi kuvionja.

Kabugho hataki kuitwa mwanaharakati.
"Neno hilo," asema, "linakaa penye kiyoyozi."
Yeye huuza chumvi mpakani, Mpondwe,
gunia kichwani, mtoto mgongoni, deni la mume katika pindo la khanga.
"Nipeni majaruba matatu. Sawa.
Nikiwa ziwani alfajiri, sufuria ataosha nani?
Mnaniongezea kazi, mnaipa jina la uhuru.
Mimi nataka siku moja mwanamume aamke kabla yangu
akawashe moto. Siku moja.
Hiyo ndiyo mita yangu, na haina fundo kwenye kamba yenu."

Kule amekalia debe lililopinduliwa.
Miguu yake imechanika, nyekundu kama ndani ya pera.
Miaka sita amesimama ndani ya maji yale, hadi kiunoni,
dawa za Baba zikitoka kwenye ngozi yake.
"Gawaneni mpendavyo," asema.
"Ila msiniambie nilizaliwa na bahati.
Bahati haiwashi hivi."

Nami nakumbuka mwaka ule ada ilipotosha mtoto mmoja.
Hakuitwa mwenye alama. Aliitwa Kule.
Muhula wa pili akaliacha daftari juu ya kitanda,
akamfuata Baba ziwani bila kuaga mwalimu.
Alama zilikuwa zangu.
Hayo yote mawili ni kweli, na hayapatani;
yamelala kifuani mwangu mzungu wa nne,
kila moja likilipiga mwenzake mateke usoni.

Tukashika kamba, mimi ncha hii, Masika ile.
Jaruba la ukingoni, mita nne.
Jaruba la katikati, mita nne.
Kule akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi:
"La ukingoni hutoa magunia mawili, hilo hutoa saba.
Pimeni tu."

Ndipo Mama, ambaye muda wote alichambua maharage
kama mtu asiyemo,
akatupa jiwe dogo kando, akauliza:
"Kumi na mawili kwa watano, Masika.
Darasa la tatu linasemaje?"

Kamba ikalegea. Sijui nani aliiachia kwanza.
Miaka thelathini na saba mama huyu amekwangua chumvi hapa,
na katika hesabu zetu zote, za sheria, za sufuria, za vidonda,
hakuna aliyemwandika.
Hata mimi, mwenye alama.

Hatukuafikiana. Masika alirudi Kasese kwa gari la jioni,
akasema atakuja na wakili, kisha akasema hatakuja naye.

Alfajiri iliyofuata Kabugho aliamka akakuta moto umewaka.
Nilimwona akitabasamu mlangoni, mkono kifuani,
kabla moshi haujapisha
akaona ni Mama.