Kiti cha Nyuma

Niseme ukweli: nilidhani ni mzaha.
Kigari cha magurudumu matatu, feni mgongoni
kubwa kuliko ile ya ukumbi wa parokia,
na parachuti la rangi ya papai limelazwa mchangani
kama nguo iliyoanuliwa ikasahaulika.
"Hiki ndicho kinachoruka?"
"Hiki ndicho," akasema Sajini Ocitti, mstaafu,
kwa Kiswahili cha kambini kisichojua tafadhali.
"Vaa kofia. Funga mkanda. Usishike chochote chekundu."

Kazi yangu ni pampu. Miaka kumi na minne
nazunguka Karamoja kwa pikipiki, spana mfukoni,
nang'oa mabomba, nabadilisha ngozi zilizolika.
Nchi hii naijua kwa miiba na kwa pancha.
Ofisi ilitaka visima vihesabiwe kutoka juu,
ikauliza nani haogopi.
Mkono wangu ulipanda kabla sijaulizana nao.

Injini ikanguruma. Parachuti likavuta pumzi,
likainuka kama ng'ombe anavyoinuka,
nyuma kwanza, kisha mbele,
likasimama juu yetu likitikisika.
Tukadunda mara tatu. Mara nne.
Ya tano haikuja.

Tumbo langu lilibaki Nadunget.
Miguu ilining'inia mahali pasipo sakafu,
na ndara zangu za tairi, nikawaza,
moja ikidondoka itampiga mbuzi wa nani,
na faini nitalipa kwa nini?

Halafu upepo ukawa baridi, nami nikafumbua macho.

Mto wa mchanga ulilala bila tone,
umejikunja kati ya migunga.
Ardhi nyekundu, ardhi ya majivu, ardhi nyekundu tena,
na vijia vya ng'ombe, mamia, vyembamba,
kila kimoja kikishuka kwenye pampu ninayoijua kwa jina.
Hata ile iliyokufa mwaka juzi,
niliyoiandikia ofisi barua tatu,
bado ina njia mbichi.
Kuna mtu huja kila siku kuhakikisha.

"Nakut! Umelala?" Sajini akapaza sauti.
Sikuwa nimelala.
Nilikuwa nimeona duara.

Mama amenionyesha mara nyingi kwa kidole: pale.
Nikaenda pale, nikakuta mawe.
Basi pale, akasema, nyuma ya kilima.
Nikakuta miiba, na kopo la risasi.
Walihama usiku, mwaka wa bunduki, mimi mgongoni,
na usiku hauachi alama za kurudia.
Kwa miguu nimepita hapo mara ngapi?
Huenda nilishawahi kuziba pancha katikati ya boma letu.

Lakini kutoka juu lilikuwa limeandikwa.
Majani yake yameiva zaidi ya ya jirani:
samadi ya ng'ombe wa babu bado inalisha udongo.
Ndani ya duara, viduara saba.
Pengo upande mmoja.

Nikampiga Sajini begani. "Zunguka tena!"
"Mafuta!"
"Mara moja tu!"
Akasema neno la Kiacholi ambalo sikuomba tafsiri,
akavuta kamba ya kushoto,
na kivuli chetu, kidogo kama kunguru,
kikapita langoni bila kupiga hodi.

Kwenye fomu ya ofisi kuna visima kumi na moja.
Kuna kimoja sikukiandika. Nilikuwa natazama kwingine.

Jioni mama hakuuliza habari za kuruka.
Aliuliza kama nimekula.
Nikachora vumbini, kwa kidole cha mguu,
duara, viduara saba, pengo upande wa Napak.
Akainama, akatazama muda mrefu,
akaziba pengo kwa kiganja
akalifungua upande wa pili.
"Ulitazama ukiwa umegeuka," akasema.
Kisha akanisukuma gotini:
"Na usisimame hapo.
Hapo tulikuwa tunalaza ndama."