Kibaba cha Bi Rayya

Fomu yetu ina ngazi tano.
Hasi mbili: hapo ulipo leo.
Sifuri: hapo tulipoahidiana.
Chanya mbili: hapo ambapo hata mimi sithubutu kupaota.
Sifuri si aibu, nimemweleza Musallam mara tatu kwa Kiarabu,
na bado anauliza:
"Mama yangu apate sifuri?"

Ibra, mwezi wa sita. Nje lami inanata kwenye soli,
ndani kiyoyozi kinakohoa.
Mkono wa kushoto wa Bi Rayya umelala pajani
kama mgeni aliyepitiwa na usingizi barazani
na hakuna anayethubutu kumwamsha.

"Lengo lake ni kahawa," alisema Musallam.
"Dele kwa kushoto, finjani kwa kulia,
awakirimu wageni kama zamani."
Nikaandika. Hasi moja: anashika dele tupu.
Sifuri: finjani moja, bila kumwaga.
Bi Rayya alikuwa akitazama mlango.

Wiki tatu tukashika dele.
Dele tupu, dele la mchanga, dele la maji baridi.
Nilipima pembe ya kiwiko, nikahesabu matone mezani:
kumi na moja, tisa, kumi na manne.
Haba na haba hujaza kibaba,
bibi yangu alizoea kusema,
nami sikuwahi kumuuliza, kibaba cha nani.

Jumatano, siku ya soko la wanawake,
mkamwana wake Buthaina alikwenda kutafuta ubani
akatuachia saa nzima.
Nilikuwa nanyoosha kidole gumba, taratibu,
kikalia, na mdomo ukaniponyoka: "Pole, bibi."
Aligeuka kama mtu aliyeitwa kutoka Tabora.
"Kumbe unakisema?"
"Cha jikoni tu."
"Basi hicho hicho ndicho ninachokihitaji."

Akasogea.
"Wageni watakunywa kahawa ya yeyote, mwanangu.
Mimi nataka kuingia chooni peke yangu.
Kulia nashika kopo. Kushoto kuna kazi yake, unaijua.
Miezi minane Buthaina ananitawaza.
Hasemi neno, ana adabu mtoto wa watu,
na mimi nahesabu vigae.
Mia moja na kumi na viwili.
Andika hiyo kwenye karatasi yako."

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nikachukua fomu nyingine, nikaijaza kwa Kiswahili,
maana kwa Kiarabu niliona haya kwa niaba yake.
Hasi moja: mkono unafika kiunoni.
Sifuri: anajitawaza, mtu amesimama karibu.
Chanya moja: mtu yuko nje, mlango umerudishwa.
Chanya mbili nilitaka kuiacha wazi.
Akanigonga kifundo kwa mkono mzima.
"Komeo," akasema. "Andika komeo."

Tukaacha dele, tukashika kitambaa chenye maji.
Kukamua. Kupeleka nyuma. Kurudisha.
Siku nyingine mkono ulikataa katakata
akautukana kwa maneno ambayo sikufundishwa jikoni.
Mwezi wa nane alirudi nyuma ngazi nzima, homa,
nikachora mstari ukishuka, nikauchukia.

Mwezi wa kumi alinipigia Buthaina, sauti juu:
"Nimesikia kacha! Nikadhani amejifungia kwa bahati mbaya,
nikagonga, nikagonga."
"Akasemaje?"
"Akasema, subiri."
Akanyamaza kidogo.
"Nikakaa sakafuni nikasubiri. Sijui kwa nini nililia."

Kahawa, hadi leo, ni hasi moja.
Anamwaga, na anamwachia Musallam afute.

Mwisho wa mwaka ofisi ya Maskati ilitaka namba moja tu
kwa kila mgonjwa: jumlisha, gawanya.
Hasi moja na chanya mbili.
Nikaandika nusu.
Nusu ya nini, hawakuuliza.