Mafuta ya Mgando

Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, hapa Muonio.
Jua halijachomoza tangu juma lililopita
wala halina haraka.

Jana, mjinga mimi, nililiosha gari.
Nilitaka niondoke nalo likiwa safi,
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.
Veikko alinitazama kutoka dirishani, kikombe mkononi,
asiseme kitu. Sisi tulikwisha kusema.
Tulisema Oktoba nzima, mpaka maneno yakachakaa.

Maji hayasahau njia. Hupenya ufizi wa mlango,
hujibanza nyuma ya ule mpira mweusi,
na usiku ukikaza, hung'ata.
Nimewahi kuona kishikio kikimbakia Pirjo wa posta mkononi.
Nimewahi kumwaga birika zima la maji ya moto
na mlango ukavaa kioo mbele ya macho yangu.
Barafu haitishwi. Huwahiwa jioni,
kabla haijaujua mlango wako.

Basi alfajiri (tuiite alfajiri)
nikatoka na masanduku mawili, kikwaruzo,
na hasira niliyoiandaa kwa kazi hiyo.
Nikashika kishikio. Nikatega bega.

Mlango ukafunguka
laini, kama kinywa cha mtoto aliyelala.

Nikapitisha kidole kwenye mpira:
utelezi. Kona zote, na bawaba,
hata upande wa abiria, ambao sitauhitaji.
Thelujini nyayo zake, huku na huku,
na vishimo viwili vya magoti ubavuni mwa gurudumu.
Juu ya boneti, kopo, kifuniko kimelegea:
mafuta ya mgando, yale ya visigino vyangu vyenye magaga,
yamechotwa mpaka chini.
Kwa vidole. Kazi hiyo haifanyiki na glovu.

Miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa kufunga:
madirisha, daftari la hesabu, mdomo.
Usiku wa mwisho akaingia gizani mikono mitupu
kuhakikisha kwamba ninaweza kutoka.

Nimeketi kwenye usukani. Injini inakohoa, inakataa, inakubali.
Taa ya jikoni inawaka. Sijui kama amesimama pale.
Nimeufunga mlango polepole,
kisha nimeufungua tena, mara moja tu,
nijue kama bado unafunguka.