Mbuzi Kanywa Mvua

Siku ya kwanza nilichora maduara manne ubaoni:
miamba, maji, hewa, viumbe.
Kidato cha Kwanza B wakayanakili kwa rula,
duara kwa rula, maskini, maana bikari ilikuwa moja
na alikuwa nayo Somoe, tena haazimishi.

Asubuhi ya pili ukungu ulipanda kutoka Shimo la Mungu,
ukaingia darasani bila hodi,
ukakaa dawati la nyuma.
Likapa akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu tumweke duara lipi?
Ni maji au ni hewa?"
Nikafuta mistari kwa kiganja.
Chaki ikanibakia mkononi kama salfa ya mwezi wa sita.

Basi tukatoka nje na swali moja tu,
swali la watu wanaonunua maji kwa ndoo:
mvua ya Newala inakwenda wapi?
Usiku kucha bati linapiga kelele hadi hatusikilizani,
saa nne asubuhi uwanja mkavu, mpira unadunda.

Mfaume: mchanga unakunywa.
Somoe: jua linachukua.
Likapa: yote yanateremkia Ruvuma, na Ruvuma hairudishi.
Nikawaambia, hizo ni nadharia tete.
Tete, maana ikiguswa huenda ikavunjika.
Na kazi yetu ni kuzigusa.

Tukakata chupa, tukatoboa vizibo kwa msumari wa moto.
Mchanga mwekundu wa chini ya mkorosho,
kikombe kimoja cha maji, bakuli chini yake.
Tukangoja. Kungoja nako ni kazi, ila hakumo kwenye mtihani.

Kikombe kizima kiliingia. Kilichotoka hakikufika nusu.
Mfaume alitembea siku hiyo kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.
Kesho yake chupa iliyoachwa juani ilikuwa nyepesi,
ile ya kivulini bado nzito,
ikabidi ushindi ugawanywe na Somoe.

Kipima mvua chetu kilikuwa kopo la rangi juu ya kisiki.
Jumatatu, milimita kumi na nane. Jumanne, sita.
Jumatano daftari la zamu likasema kumi na mbili,
kwa mwandiko mzuri mno.
"Ulipima wewe?"
Likapa akatazama vidole vyake vya miguu.
"Nilikuta kopo tupu, Mwalimu. Mbuzi kanywa mvua.
Nikachukua kumi na nane na sita, nikagawa kwa mbili."

Hesabu ilikuwa sahihi. Ndilo lililoniuma.
Nikampa kalamu. Akaikata namba kwa mstari mmoja,
mwembamba, ili kilichokatwa kisomeke,
akaandika: Jumatano, haikupimwa. Mbuzi.
Darasa likaangua kicheko.
Lakini katika ukurasa ule wote
hakuna mstari niliouamini kama ule.
Kopo tukalizungushia miiba.

Ijumaa tulisimama ukingoni, bonde chini yetu,
Msumbiji ng'ambo, bluu, kama kitu ambacho hakijapimwa.
Kwenye kitako cha mteremko, mchanga unapokutana na mfinyanzi,
kulikuwa na utepe wa kijani kilichokoza kuliko kijani chote,
na ndani ya utepe watu wadogo kama sisimizi, na ndoo.
"Yanatokea pale," akasema Likapa,
safari hii bila kudai kuwa ameshinda.

Mfaume ndiye aliyeniharibia njia ya kurudi.
"Mwalimu, mchanga wa chupa ulichelewesha maji dakika saba.
Chupa yenyewe shibri moja.
Na huu mlima wote je?
Maji anayochota mama leo ni ya mvua ya mwaka gani?
Mimi nilikuwa nimezaliwa?"

Nikafungua daftari palepale njiani.
Tarehe. Jina lake.
Swali nikalinakili neno kwa neno.
Safu ya jibu nikaiacha pana.