Chanda na Pete

Januari, Minnesota. Theluji imefika dirishani.
Ndani, mimi na faili la arobaini na tatu,
chai iliyopoa, paka aliyelalia barua za mapendekezo.
Dakika nane kila mtoto. Ndiyo kanuni ya ofisi.

Wrenna Halvorsen, miaka kumi na saba, Bemidji.
Penye mstari wa majira ya joto ameandika
jina la chuo ambacho hata mimi nilikiota zamani:
wiki tano; walioomba elfu mbili, waliochukuliwa sitini.
Kalamu yangu inasimama kwa heshima,
kisha inaona haya kwa kusimama.

Maana nazijua kozi hizo. Nyingine
ni mabweni matupu yaliyokodishwa Julai,
geti maarufu kwenye kipeperushi, dola elfu nane,
na ofisi ya udahili, ng'ambo ya bustani,
haina habari nani alilala humo.
Nyingine ni za kweli: hazilipishi, zina chekeche kali,
na aliyepenya chekeche moja
pengine angepenya tu na la pili.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete.
Hawakusema kama pete hukifanya chanda kiwe chema.
Mimi nalipwa kulijibu hilo
kwa tarakimu, moja hadi tano.

Juzi dada yangu Solveig kapiga simu kutoka Fargo.
Anataka kukopa benki, mwanawe Torsten aende.
"Inasaidia?"
"Inategemea."
"Miaka kumi na mmoja umekaa humo, hujui?"
Nikamsikia akigonga kijiko kikombeni.
"Torsten mwenyewe anapenda nini?"
Kijiko kikanyamaza.
"Sikukuuliza hilo."

Narudi kwa Wrenna. Insha yake haina geti.
Ina konokono wa mtoni, usiku, tochi mdomoni,
na profesa wa viatu vya mpira
aliyeulizwa swali akajibu: sijui.
*Sikuwahi kumsikia mtu mzima
akilitamka neno hilo kwa furaha.*
Mwalimu wake wa biolojia kaongeza pembeni, kwa wino:
tangu Agosti binti huyu anahesabu konokono
mtaroni, nyuma ya uwanja wa hoki.
Hakuna aliyemtuma. Hakuna maksi.

Dakika ya tisa. Ya kumi na moja.
Naandika nne. Nafuta. Naandika tano,
nisijue nimewapa konokono
au nimelipa geti.

Paka anajinyoosha, anaangusha la arobaini na nne.
Dashiell Beaulieu, White Earth.
Majira ya joto: *Nilimuuguza bibi.*
Halafu nukta.
Mistari sita chini yake mitupu, safi kama uwanja nje.

Nainuka kuchemsha maji upya.
Saa ya ukutani haijui kanuni ya ofisi.
Naiacha iende.