Tanbihi ya Bata Bukini

Miaka kumi na mmoja Drahomíra Koutná
amekaa na bata mmoja wa karatasi
katika hifadhi ya nyaraka, Olomouc,
glavu nyeupe mkononi, lenzi jichoni,
koti begani hata Julai,
maana baridi ile hutunza karatasi, haitunzi watu.

Mimi kazi yangu kupanga noti kwa mashine.
Huniletea ukurasa, naupanga;
kesho yake anaurudisha: "Nukta hii iondoe.
Si nukta. Ni nzi aliyejisaidia
mwaka wa themanini na nane."
Naiondoa. Keshokutwa: "Irudishe.
Nimeupima wino."

Mtunzi mwenyewe, Hynek Laburda,
hakuwa na habari na umilele.
Alikuwa na deni.
Kipupwe kile, soseji kwa soseji,
lilimfika shingoni kwa Smrž mchinjaji,
na dawa ya deni ni kulipa,
basi akalipa kwa alichokuwa nacho:
vipande vitano vya mzaha, wapigaji sita.
Punda, kwa fidla mbili zisizosikilizana.
Kalunguyeye, nyuzi zikidonolewa kwa kucha.
Konokono, ambaye sello humchukua
dakika tatu kuvuka ukurasa mmoja,
na akifika kasahau alifuata nini.
Samaki wa Krismasi, yu hai ndani ya beseni,
piano ikimzungusha, ikimzungusha.
Na wa tatu, niliyemruka makusudi,
bata bukini, kwa klarineti,
tumbo mbele, maringo kama diwani mpya,
anapanda ngazi ya sauti, anapanda,
mpaka kipimo cha thelathini na moja,
pigo la pili,
basi.

Hata mstari wa kufungia hakuna.
Pana doa la mafuta tu, kubwa kama sarafu.

Profesa Wiesner wa Vienna alisema ukurasa umepotea,
akamtungia bata mwisho wa kwake yeye,
vipimo kumi na viwili, safi kama shuka la hospitali.
Mwingine, wa Leipzig, alisema mtunzi aliugua.
Drahomíra akaandika tanbihi ya kuwajibu wote;
nilipoipanga ilikula kurasa tatu,
bata akabaki na mistari miwili juu kabisa
kama marehemu katika msiba wake mwenyewe,
haonekani kwa wingi wa wasemaji.

Ndipo akalipata daftari la mchinjaji.
Novemba kumi, mkesha wa Mtakatifu Martin,
siku ambayo kesho yake mji mzima hula bukini:
"Laburda. Bata 1. Kalipa kwa karatasi."
Zaidi ya hapo, hesabu za nyongo na maini.
Nikasema, huo si ushahidi.
Akasema, najua.

Jumapili akatuita nyumbani kwake, ghorofa ya nne,
supu ya kabichi ikichemka jikoni.
Radovan, daktari wa meno, akashika klarineti.
Bata akaja, akajisikia, akanyanyua shingo,
Radovan akaacha pale palipoachwa,
midomo bado imeng'ang'ania mwanzi,
pumzi aliyokwisha kuivuta hana pa kuipeleka.
Jirani, Bi Hedvika, aliyekulia shambani,
alicheka mara moja, "Ha!",
kisha akajiziba kwa kitambaa cha meza
na hakucheka tena jioni ile.

Asubuhi nakuta kurasa tatu zimepigwa penseli nyekundu.
Chini pamebaki mstari mmoja:
"Chanzo kinakoma hapa. Msiongeze."

"Na uwazi," nikamuuliza, "niache kiasi gani
kabla konokono hajaanza?"
Akavua glavu. Akaweka vidole kooni mwake,
akavitazama, kana kwamba vina namba.
"Upana wa shingo," akasema.

Nikapima sentimita nne,
nikaongeza nusu.
Alikuwa bata mnono.