Jicho Moja, Siku Mbili

Berlin, mwezi wa pili, saa nne usiku.
Theluji imegeuka tope kwenye reli za tramu
na ghorofa ya tatu tumebaki wawili:
mimi na Handrij Nowotka, mpiga deki.

Mkononi nina miwani ya karatasi,
tundu la kushoto jekundu, la kulia la samawati,
na kwenye skrini, Mirihi:
picha mbili zimelazwa moja juu ya nyingine
kama shuka lililokunjwa vibaya.
Bila miwani ni ukungu wenye kingo mbili.
Nikiivaa, skrini inatoboka.

Ufa.
Kilomita hamsini, umenyooka
kama kitambaa kilichochanwa na mtu mwenye hasira.
Nashika meza nisije nikatumbukia
katika nchi ambayo vumbi lake
halijawahi kutimuliwa na mguu.

Kwa mchezo nikaipindua miwani.
Wekundu ukahamia kulia, bonde likapanda,
ufa ukasimama ukuta.
Waliotuonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta
hawakujua ipo siku utageuza karatasi tu
na ukuta utakuwa umekwisha,
bila mwashi, bila chokaa.

"Hebu nami," akasema Handrij, ameegemea ufagio.
Akavaa. Akacheka kwa pua.
"Mimi naona wekundu tu, binti."
Nilikuwa nimesahau: jicho lake la kulia ni la kioo.
Lile alilozaliwa nalo lilibaki kwenye shimo la makaa,
Lausitz, mwaka wa themanini na tatu,
waya wa chuma ulipokatika ukapiga kama mjeledi.
Shimo lilelile lilikula kijiji chao:
kwanza shule, halafu kanisa,
halafu makaburi, yakahamishwa kwa lori,
mama yake akiwemo.

Nikaona haya. Nikatafuta la kusema,
nikamwambia chombo kile nacho ni chongo
(sisemi kengeza): jicho lake ni moja.
Kilipita, kikapiga picha, kikazunguka,
na siku ya kumi na tisa kikarudi,
kikainamisha shingo, kikapiga tena.
Kina tunachokiona ni mwendo wake.

"Basi kama mimi ngazini," akasema.
"Kidato nakijua kwa kutikisa kichwa."
Akavua miwani. "Nitenganishie.
Moja, halafu nyingine."

Nikabonyeza. Kushoto. Kulia. Kushoto. Kulia.
Ufa ukawa unapumua
kama mbavu za ng'ombe aliyelala.
Tulikaa hivyo muda mrefu, maji ya ndoo yakipoa,

kisha kidole chake, kinanuka sabuni,
kikagusa mahali ambapo wiki nzima
nilikuwa naona kimeto kisichotulia,
nikakiandika daftarini: kasoro ya picha.

"Jiwe hili lilikuwa juu. Sasa liko chini."

Kushoto: ukingoni, kubwa kama banda la kuku.
Kulia: sakafuni mwa ufa, na nyuma yake vitone,
vitone, kama mshono, kila mahali lilipodunda.

Macho yangu mawili yalikuwa yakigombania jiwe,
moja likisema lipo, jingine limekwenda,
na mimi, msuluhishi, nikauita ugomvi wao kosa.
Kati ya siku ile na ile
ardhi ya huko ilitetemeka, au ilichoka tu,
jiwe likaanguka
na hapakuwa na wa kushtuka.

Handrij akachukua ndoo.
"Kwetu ukingo ulikuwa hivyohivyo," akasema mlangoni.
"Kwanza kokoto moja. Tunanyamaza. Tunasikiliza."
Akazima taa ya ukumbi kama kawaida yake,
kana kwamba mimi nimeshakwenda nyumbani.

Kwa mwanga wa Mirihi nikafuta "kasoro",
nikaandika tarehe mbili, nikaandika "jiwe",
kisha jina la aliyeliona,
nikasita kwenye tahajia.